Jirani Aliyeogopa Kila Kitu Isipokuwa Nyuki

Jirani yangu alikuwa mwoga. Nasema hivyo kwa heshima zote, na angekuwa hapa angekubali mwenyewe, ila labda angekubalia nyuma ya mlango. Aliogopa sindano. Aliogopa ng'ombe wenye pembe, hata wa kwao. Aliogopa treni, na kijiji chetu kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni ya Igalula, mbali kabisa na reli. Lakini upepo ukileta honi yake, yeye alikuwa anasita na jembe mkononi mpaka sauti ipotee. Na kuliko vyote aliogopa karatasi. Mtu akitokea na karatasi mkononi, hata kama ni kadi ya kliniki ya mtoto, jirani yangu alikumbuka ghafla kwamba ana kazi nyuma ya nyumba.

Mtu huyohuyo nimemwona kwa macho yangu akiingiza mkono mtupu, mpaka kwenye kiwiko, ndani ya mzinga uliojaa nyuki, huku akiongea nao polepole. Siku moja, tulipokwisha kuzoeana, nikamwuliza inawezekanaje. Akasema, "Nyuki najua anataka nini, Mwalimu. Mwenye karatasi sijui anataka nini."

Jina lake silitaji. Wajukuu wake wapo, na kwa kweli mimi mwenyewe sikuwahi kumwita kwa jina hata mara moja. Nilimwita baba. Wengine walimwita Mrina, maana kazi yake ilikuwa kurina asali. Humu nitamwita jirani, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa, na hatukuchagua.

Tulipangiwa. Ulikuwa mwaka wa kuhamia vijijini, mwaka ambao watu waliokuwa wakikaa mmoja hapa, mwingine kule, kila mtu na pori lake, waliambiwa waje wakae pamoja kwenye mistari. Nyumba hatua tatu kutoka nyumba. Mimi nilikuwa mwalimu msichana niliyeletwa kutoka Tabora mjini, sijawahi kuishi porini, na yeye alikuwa mzee wa makamo aliyetolewa porini asitake. Tukajikuta ukuta kwa ukuta. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia "Marahaba" huku akitazama mikono yangu. Baadaye mke wake aliniambia alikuwa anaangalia kama nimeshika karatasi.

Na mimi nilikuwa mwoga vilevile, ila woga wangu ulikuwa wa kitu kimoja tu. Nyuki. Nilipokuwa mdogo, pale mjini, niliona punda wa muuza mkaa akivamiwa na nyuki akiwa amefungwa kwenye nguzo. Sitaeleza yote. Ile kamba ilikuwa na fundo moja tu, watu walikuwa wamejaa barabara nzima, na hakuna aliyekwenda kuifungua. Mimi nilikuwa mmoja wa wasiokwenda. Tangu siku ile nikisikia mlio wa nyuki mmoja dirishani, goti langu la kushoto linalegea. Sasa hebu fikiria ninahamishiwa kijijini, nimetua sanduku langu, ndipo naambiwa mzee wa nyumba ya pili ana mizinga kwenye miti yote ile unayoiona kule ng'ambo ya kisima. Mama yangu! Nilikaa juu ya sanduku nikalia.

Watu wengi wanadhani mfuga nyuki ana kazi wakati wa asali tu. Anapanda, anatia moshi, anakata masega, anashuka, basi. Hata mimi nilidhani hivyo. Jirani yangu alikuwa anasema kurina ni kazi ya mtoto. Kazi ya mtu mzima ni mwisho wa kipupwe, baridi inapokatika, upepo umekausha kila kitu, miti imepukutisha majani yote na mitundu, miti ile inayowapa nyuki maua, bado haijachanua. Hapo nyuki hana ua, hana maji, ana kile tu ulichomwachia. "Ukimkatia yote mwezi wa sita," alikuwa anasema, "mwezi wa tisa utakuta nyumba tupu, halafu utasema umerogwa."

Basi yeye aliwaachia. Kila mzinga aliuachia masega mawili makubwa ya nyuma, na watu walimcheka, maana hayo ndiyo yenye asali nzuri. Alikuwa anazunguka mizinga yake yote wakati huo wa njaa, mmoja baada ya mwingine, akiusukuma kwa mti mrefu kutoka chini kujua uzito. Ule uliokuwa mwepesi aliupandia. Nyuki wachache wakitoka na kurudi haraka haraka bila kuzunguka, alijua kuna shida ndani. Alifagia majani makavu chini ya kila mti, duara pana, ili moto wa wawindaji ukipita usipate pa kushika. Alipaka majivu kwenye shina kuzuia siafu. Na nyegere, ambaye ni mnyama mwenye hasira asiyejali hata kuumwa, alimwekea miiba kwenye matawi huku akimtukana kwa Kinyamwezi matusi ambayo mke wake alikataa kunitafsiria.

Halafu kulikuwa na habari ya unga. Kipindi kile ambacho hakuna ua hata moja, nyuki wanahitaji vumbi la maua la kulishia watoto wao, na wakilikosa wanachukua vumbi lolote. Jirani yangu alikuwa anatandaza unga wa mtama kwenye ungo, anauweka juani nyuma ya nyumba, na nyuki wanakuja kuuzoa kwa miguu yao. Mara ya kwanza kuona ungo ule ukitembea wenyewe kwa nyuki nilifunga mlango na dirisha, nikakaa ndani mpaka saa za jioni, ilhali siku ile ilikuwa zamu yangu ya kupiga kengele ya shule. Mke wake alisimama uani mikono kiunoni. "Unga wa watu huo! Watoto wa mwenzako wanalala na uji mwepesi, wewe unawapikia wadudu?" Naye akajibu kwa sauti ya chini, "Nyie mnaweza kuomba kwa jirani. Wao wataomba kwa nani?"

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa vibaya, nikidhani ni mtu mkarimu. Hakuwa. Kwa binadamu alikuwa mchoyo ajabu. Mwaka mzima tuliokaa ukuta kwa ukuta hakuwahi kunipa asali hata ya kulamba kidole, mpaka mke wake aliponipenyezea kikombe nyuma ya mgongo wake, akaniambia nikifiche kwenye mtungi. Yeye mwenyewe hakula asali. Chai yake alitaka sukari, na sukari ilipoadimika dukani alikunywa chai ya rangi bila kitu huku amekunja uso, na debe la asali liko chini ya kitanda chake. Alikuwa mwongo pia, tusifichane. Katibu wa kijiji alipomwuliza ana mizinga mingapi alijibu, "Ile pale tu," akionyesha upande usio na mzinga hata mmoja.

Lakini nilikuwa namsikia, kuta za udongo hazifichi kitu, akimwambia mke wake jioni, "Wanasema nyuki wamekuja kijijini. Nyuki wako palepale walipokuwa. Kijiji ndicho kimewafuata." Hakuwahi kulisema hilo mbele ya mtu mwingine. Na hakuna aliyemwuliza.

Sasa nifike kwenye lile la kisima, maana nimekuwa nalizunguka.

Kijiji kizima kilikuwa na kisima kimoja. Kilichimbwa pale kwa sababu palikuwa na unyevu tangu zamani, na kwa sababu hiyohiyo mizinga ya jirani ilikuwa karibu. Nyuki walikuwa wakinywa hapo kabla sisi hatujafika. Masika hakuna aliyewaona. Kipupwe kilipokwisha, vijito vyote vikakauka, wakaja. Walitua kwenye ukingo, kwenye kamba, kwenye tope, kwenye ndoo. Wanawake wakijitwisha, nyuki yuko chini ya kata ya kichwani, anabanwa, anauma. Kila siku mtu alirudi na jicho limevimba. Kwenye foleni watu walianza kusukumana, ndoo zikamwagika, na maji yenyewe yalikuwa ya kugombania. Wanafunzi wangu niliwakataza kwenda. Mimi mwenyewe nilikuwa nanunua maji kwa jirani mwingine ili nisikanyage pale.

Mwenyekiti akaitisha mkutano Jumapili. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya watu wa cheo, anasikiliza, lakini mdomo wake wa juu ulikuwa umeumwa juzi yake na haukuwa umerudi sawasawa, na alipokuwa anaongea watu walitazama chini ili wasicheke. Akasema huyu, akasema yule. Mmoja akashauri mizinga ihamishwe. Jirani akainuka nusu, akasema kwa sauti ambayo ilibidi irudiwe na mtu wa mbele, kwamba ukimhamisha nyuki mwenye njaa mwezi huu, anahama moja kwa moja au anakufa, bora wangoje mitundu ichanue, ni wiki tatu hivi, nyuki akipata maua yenye maji matamu hatafuata tope. Akakaa. Watu wakaguna.

Ndipo nikasimama mimi. Nilikuwa msomi, watu walininyamazia. Nikasema watoto wa shule wako hatarini. Nikasema mdudu akishaua mtu hakuna wiki tatu. Nikasema, "Ichomwe moto."

Neno hilo ni langu. Hakuna aliyekuwa amelisema kabla yangu. Nililisema kwa woga, si kwa ubaya, lakini lilipokwisha kutoka lilikuwa nje, na mkutano ulilidaka. Mwenyekiti akatoa siku saba: Jumapili ijayo, nyuki wakiwa bado kisimani, mgambo watachoma mizinga yote ya upande ule. Nilimtazama jirani. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili na ilikuwa inatikisika.

Jumatatu jioni akaja kwangu. Hakuwa amewahi kuvuka kizingiti changu. Nilidhani amekuja kunitukana, na ningestahili. Akasema, "Mwalimu, naomba unisaidie."

Mimi? Nilikaribia kucheka.

Akanieleza. Alikuwa na hori la mti, lile la kulishia mbuzi. Atalijaza maji, atatia chumvi kidogo na asali kidogo, atawekea vijiti nyuki wasizame. Ataliweka palepale kisimani, ukingoni, na lile tope atalifunika majivu. Nyuki anapenda maji yenye chumvi kuliko maji safi, kwa hiyo watahamia kwenye hori ndani ya siku moja. Kisha hori linasogezwa, nyuki wakiwa humohumo wanakunywa. Hatua kumi asubuhi. Hatua kumi mchana. Wanalifuata bila kujua wamehama. Siku ya sita liko msituni chini ya mizinga yao, na kisima kimebaki cha watu.

"Sasa si ulisogeze, baba?"

"Saa za kusogeza niko shamba la kijiji. Nikikosa shamba watanikamata, na karatasi itaandikwa." Alilitamka neno karatasi kama mtu anayetaja ugonjwa. "Wewe peke yako unabaki huku mchana. Shule iko karibu."

"Unajua nilisema nini jana."

"Nilikusikia."

"Ninawaogopa, baba. Siwezi hata kuwatazama."

"Najua. Ndiyo maana utakwenda polepole." Akakuna shingo. "Asiyeogopa angeenda mbio."

Nikakubali. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ya aibu, labda kwa sababu ya kofia ile. Akanifundisha pale pale barazani, kwa hori tupu. Usipake mafuta yenye harufu. Usiwapumulie, pumzi ya mtu inawakera. Geuza uso pembeni. Usiwapunge. Nyuki wa majini hana ugomvi, analinda nini pale? Ana kiu tu. Hatua kumi, siyo kumi na moja. Tua. Ondoka. Akanitazama kwa makini, akarudia, "Kumi, Mwalimu. Ukizidisha wakarudi wasilikute, watarudi wanakokujua."

Jumanne saa nne, wanafunzi wakiwa mapumziko, nilijifunga kanga mbili kichwani na shingoni nikaenda. Hori, ambalo alilipeleka mwenyewe usiku, lilikuwa limefunikwa na nyuki ukingo mzima, migongo yao inapanda na kushuka wakinywa. Mlio wao niliusikia kwenye meno. Goti likalegea, nikapiga magoti, nikainuka. Nililishika. Maji yalikuwa yanacheza na vijiti vinacheza na nyuki wanacheza juu yake, na mimi nahesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Moja. Mbili. Nilipofika kumi nikatua, nikarudi darasani, nikawaambia wanafunzi wasome kimya, nikatapika nyuma ya ukuta.

Mchana tena. Jumatano tena mara mbili. Alhamisi. Kila siku nilitapika, lakini kila siku pale kisimani walipungua. Alhamisi jioni mama mmoja alichota ndoo mbili bila kuona nyuki hata mmoja, akapiga vigelegele. Jirani alisikia kutoka shamba. Akapita dirishani kwangu, akaweka kwenye kizingiti sega zima la asali kwenye bakuli. Yule mchoyo! Nililitazama sega lile mpaka giza likaingia, na nilijiona mtu mwema sana.

Ijumaa mchana jua lilikuwa kali na nyuki walikuwa wengi kuliko siku zote. Nilipolinyanyua hori, mmoja aliingia chini ya kanga. Nikamsikia anatembea shingoni, nyuma ya sikio. Hakuuma. Anatembea tu, anasimama, anatembea. Nilikuwa nimefika hatua ya sita. Nikafika kumi, na miguu haikusimama. Naukumbuka msitu ulivyokuwa karibu, miti ileee, ninaiona, na nilichokuwa nawaza ni kimoja tu: nikitua hapa, kesho itabidi nirudi, na keshokutwa. Nikifika kule, basi. Imekwisha. Nikaenda. Sikuhesabu tena. Nyuki waliniacha njiani mmoja mmoja, nikaona ni baraka. Nikalitua hori chini ya mti wa kwanza wa msitu, nikavua kanga, yule mmoja akaruka akaenda zake, nikakimbia mpaka nyumbani nikicheka peke yangu.

Jumamosi asubuhi niliamshwa na makelele. Hori halikuwa na nyuki hata mmoja. Walirudi pale nilipolitoa, hawakulikuta, wakazunguka, kisha wakarudi wanakokujua. Kisima kilikuwa kinachemka nyuki. Mama mmoja mwenye mimba kubwa aliteleza akaanguka na ndoo yake. Mimba ilisalimika, Mungu mkubwa, lakini hakuna aliyetaka kusikia neno lingine.

Jumapili mkutano ulikuwa mfupi. Mwenyekiti akauliza, "Walikuwa wameondoka. Nani amewarudisha?" Niliketi mstari wa mbele. Nilijiambia nitasimama akimaliza kusema. Akamaliza. Nikajiambia nitasimama akiuliza mara ya pili.

Jirani akasimama. Akasema, "Ni mimi, Mwenyekiti. Kosa ni langu." Akakaa. Mimi nilikaa kimya.

Walichoma Jumatatu saa za alasiri. Alichoomba ni aachiwe apande kwanza kuifungua mizinga, ili wanaoweza kuruka waruke, na Mwenyekiti akamruhusu. Alipanda mti mmoja mmoja bila moshi, mikono mitupu, huku mgambo wamesimama mbali wakimhimiza. Walioruka walijikusanya kwenye tawi moja, kundi juu ya kundi, hawana akiba, hawana ua. Siku tatu walikuwa pale. Siku ya nne walikuwa chini, na kuku wanawadonoa. Mitundu ilichanua wiki mbili baadaye, msitu mzima ukawa mwekundu kwa majani mapya, ukanuka utamu, na ukawa kimya.

Niliomba uhamisho. Nilipoondoka sikuaga nyumba ya pili. Niliona mgongo wake tu, anafagia majani chini ya mti usio na kitu.

Miaka ilikwenda. Nilifundisha Sikonge, nikafundisha mjini, nikaolewa, nikazaa, nikastaafu. Hadithi ya jirani yangu niliisimulia mara nyingi, kwa wanangu, kwa wanafunzi, hata kanisani mara moja: mtu mwoga kuliko wote niliowajua, aliyesimama mbele ya watu akabeba kosa la mwingine. Nilificha tu kwamba huyo mwingine ni mimi. Nilisema "mtu fulani". Kila nilipoisimulia watu walitikisa vichwa, na mimi nikawahi kuondoka.

Nikaenda kumwona. Nilikuwa na msiba Kigwa, nikasikia kwamba yu hai, nikaunganisha safari. Nilimkuta barazani, mkongwe kabisa, macho yameingia ukungu, mke wake anachambua mchele pembeni. Mama alinitambua mara moja, akapiga kelele. Yeye alinishika mikono, akaipapasa.

"Sina karatasi, baba," nikamwambia.

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwalimu!"

Tulizungumza ya watoto na ya mvua. Mama alipoingia jikoni nikaona nikingoja tena sitasema. Nikasema, "Baba, siku ile ya mkutano ulisema kosa ni lako. Halikuwa lako. Lile hori nililipeleka mimi mpaka msituni. Ulinionya kumi, nikapitiliza."

"Najua," akasema. "Nilikuona."

Sikumwelewa. Akaeleza polepole. Kila mchana wa juma lile alikuwa anatoroka shamba, anajilaza nyuma ya kichuguu kilichokuwa kati ya shule na msitu, ananitazama, asije akatokea nyuki wa kunidhuru. Ijumaa alikuwepo. "Nikakuona umefika kumi. Nikasema, atatua. Hukutua. Nikasema, labda kumi na mbili. Nikafungua mdomo nikuite."

"Mbona hukuita?"

"Mgambo alikuwa anapita njiani na baiskeli. Ningeita angejua nimetoroka shamba." Akashika magoti yake. "Nikaufunga."

Nilikasirika. Sioni haya kusema. Miaka yote ile! "Mimi nimekuwa nikiwaambia watu kwamba ulinisitiri. Kwamba ulijitoa kwa ajili yangu."

"Nani? Mimi?" Alishangaa kweli, uso mzima. "Mimi ningeutoa wapi ujasiri huo, mwanangu? Nilisema kosa ni langu kwa sababu lilikuwa langu. Neno moja tu lingewaokoa nyuki, nami nikalimeza." Kisha akainamisha kichwa, sauti ikashuka. "Mimi ndiye niliyeamini kwamba wewe umenisitiri. Nilidhani uliniona pale kichuguuni. Ulipokaa kimya mkutanoni nikasema, huyu binti anajua nilikuwepo, ananyamaza ili nisikamatwe. Nimekuombea kwa Mungu kila kipupwe kinapokwisha."

Ingekuwa rahisi sana kunyamaza tena. Alikuwa mzee, haoni, na alikuwa na kitu kizuri alichokishika kuhusu mimi.

"Sikukuona, baba," nikasema. "Niliogopa tu."

Nilisikia mchele ukimwagwa ndani, mama akiimba kidogo. Nilidhani nimemuua.

"Basi tuliwaua nyuki sisi wawili," akasema mwishowe, "mmoja mkutanoni, mmoja kichuguuni." Akautafuta mkono wangu, akaupata.

"Na lile hori," akaniuliza, "lilikuwa zito?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia lilikuwa zito sana.